Nimekufa Tena, Akeyo

Umeniachia mashine juu ya kabati la vyombo,
nyaya zimekunjwa vizuri, na karatasi: *Baba, usiguse ya kwanza.*
Ya kwanza ni wewe: mwanamke wa ngazi ya themanini na saba,
joho jeusi, amekaa kando ya moto
kama anayengoja zamu yake ya kusukwa.
Sijamgusa. Namtazama kidogo tu,
kisha nashuka kwenye nafasi tupu.

Mchezo waniuliza nizaliwe nani.
Askari, mwizi, kuhani, mchawi,
na chini kabisa, asiye na kitu: kitambaa kiunoni na rungu.
Nikamchagua huyo. Namjua.
Ndivyo nilivyoingia Kibuye mwaka wa themanini na tisa
na nyundo ya kuazima.

Lango la kwanza lina mlinzi.
Mimi ni mtu wa vyuma, miaka thelathini na kitu nachomelea
mageti ya watu wa Milimani, basi nilianza kwa kumkagua:
bega la kushoto limeungwa ovyo,
bamba la goti halina ribiti.
Nikasema, fundi wake alikuwa na haraka, huyu ataachia hapo.
Hakuachia.
Aliinua upanga mrefu kuliko nguzo ya stima
akanigongomea chini kama msumari.
UMEKUFA, yakaja maandishi mekundu,
taratibu, kama karani wa ardhi.

Mara ya pili nilikimbia.
Ya tatu nilibiringika kulia, nikabiringikia shimoni.
Ya nne hadi ya kumi na moja sizikumbuki.
Ya kumi na mbili nikatoa kibuyu cha dawa,
mafunda matatu tu nimepewa kwa safari nzima,
na jamaa hakungoja nimeze.

Na kila nikifa, majivu niliyoyachuma
yanabaki pale pale nilipoangukia,
kichuguu kidogo kinachong'aa miguuni pa aliyeniua.
Ukitaka chako, rudi. Ukifa njiani, hakipo tena.
Aliyetunga sheria hii bila shaka amewahi kudaiwa.

Nikakupigia saa nne usiku. Ulicheka
mpaka mwenzako wa chumba huko Eldoret akaamka.
"Baba, ukimpiga moja, unataka ya pili."
Nataka.
"Na ya tatu."
Kwani si ameinama!
"Ameinama ili utake. Piga moja, ondoka.
Na tazama bega, usitazame upanga."

Bega! Si nilisema bega?

Nikapaza sauti, unaujua mtandao wa huku kwetu Manyatta:
Nimekufa mara thelathini na nne tangu magharibi, Akeyo!
Nimekufa kwenye ngazi, nimekufa nikinywa,
saa hii nimekufa na hata hajanigusa!

Mlango wa mabati ukagongwa. Mama Perez,
leso begani, na majirani wawili, na tochi,
na chupa ya mafuta ya kanisa.
"Odera. Unaongea na nani?"

Nikamweleza. Wale wawili wakarudi kulala.
Yeye akaingia, akaketi juu ya ndoo ya rangi,
akanitazama nikifa ya thelathini na tano
bila kusema neno. Halafu:
"Na kale kamlango nyuma yako, pale kwenye miiba,
mbona hukaingii?"

Kamlango gani?

Kalikuwepo. Komeo lenye kutu, bawaba moja imelegea,
mimi, fundi wa milango, usiku kucha nimekapa mgongo.
Ndani, ngazi za kushuka, panya watatu wa kiasi changu,
na moto.
Nikaketi. Majivu yote nikayatia kwenye nguvu, usiniulize.
Ngazi ya pili.

Mlinzi yuko pale pale. Nitamrudia, Akeyo,
bega lile nimelishika kichwani.
Lakini ujue kwenye orodha sasa tuko wawili,
wewe juu, mimi chini,
na ile nafasi ya tatu, Mama Perez ameshauliza
kama inalipiwa.